Nilivyoimaliza Glasi ya Posa

Wiki iliyopita mliniacha mezani kwa kina Noriel, nimevaa blauzi ya kuazima, natafuna nyama ya nguruwe huku macho yakiwa sahanini. Waliokosa nitawapa kwa kifupi, kisha twende, maana ya wiki hii yamezidi kimo.

Mimi ni Esteban, Teban kwa wanaonipenda, kinyozi wa mji huu mdogo chini ya mlima Banahaw. Ni mwanamume. Mkunga alisema vingine, padri akabatiza vingine, serikali nayo ikaandika vingine, na mpaka leo karatasi zangu zina jina la kike ambalo humu gazetini sitalitaja hata mhariri anipigie magoti. Mama yangu bado ananiita kwa jina hilo. Majirani wananiita jikedume. Tena napenda wanaume, na nikifika hapo hata wale waliokuwa wanajitahidi kunielewa hushika vichwa.

Noriel nilimpata kwenye kiti changu cha kunyolea. Alikuja kupunguza nywele, akarudi kabla hazijaota, akasema nimpunguze tena. Tumependana tangu wakati huo, naye alijua mimi ni nani toka siku ya kwanza. Chumbani ananiita Teban. Barabarani ananiita "wewe".

Basi akaniomba jambo dogo. Kwao walikuwa wanamnong'ona kwamba ni shoga, na kwa kweli hawakumsingizia. Akataka nije sikukuu ya mtakatifu wa mji, nile nao kama mchumba wake wa kike. Mlo mmoja tu, alisema. Nikanyoa sharubu zangu changa, nilizozipata kwa sindano za homoni na kwa uvumilivu wa mkulima, nikavaa blauzi. Mama yake, Bi Consing, alinipima kwa macho toka utosini mpaka kwenye soli, halafu akaniongezea nyama. Nilirudi nyumbani nikaapa kwamba ule ndio mwanzo na ndio mwisho.

Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Apeni kidogo kidogo.

Jumapili hii baada ya misa nilikuwa barazani kwetu natia mafuta mashine yangu ya kunyolea. Nikaona mwavuli mwekundu unakuja njiani, na chini ya mwavuli Bi Consing kavaa nguo ya harusi za watu. Nyuma yake mumewe Arturo, ambaye sote humwita Mzee Turing, kakumbatia dumu la lambanog, ile pombe kali ya mnazi ambayo kwetu hakuna shughuli bila hiyo. Nyuma tena vijana wawili wamebeba nguruwe mzima wa kuchoma kwenye mti wa mianzi. Kisha Mzee Melchor, ambaye mjini hapa akionekana amevaa shati jeupe watu huulizana nani anaposwa, maana ndiye mshenga wa kila mtu. Mwisho kabisa Noriel, anatazama vidole vyake vya miguu.

Sikuhitaji kuambiwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mama yangu ni mjane, anauza suman, wali wake wa kunata anaoufunga kwenye majani, na magoti yake yana sugu za kanisani. Amesali novena, zile sala za siku tisa, moja baada ya nyingine ili mimi nipone hiki anachokiita ujikedume. Alipowaona wageni na nguruwe wao alisimama mlangoni, mikono imejaa unga, akaanza kulia. Bi Consing naye akamwambia kwamba kwa upande wake alikuwa anasali mwanawe ampende msichana. Wakashikana mikono pale uani, kila mmoja anamshukuru mtakatifu wake kwa muujiza wa mwenzake. Kama yangekuwa ya watu wengine ningecheka mpaka mbavu zinikaze.

Mama akaja kunivuta sikioni, hasira hana, furaha imemjaa. Akaniambia niende ndani nivae lile gauni la mahafali. Nikamwambia limenibana mabega. Akasema atalipasua nyuma aniwekee kitambaa, maana siku kama hii haiji mara mbili. Nikaingia ndani, gauni nikalitazama kwenye msumari lilipotundikwa, nikaliacha hapohapo nikaenda jikoni na shati langu la kinyozi. Noriel akanifuata.

"Usikasirike kabla sijasema," akaniambia.

"Umeleta posa nyumbani kwetu bila kuniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Kwa hiyo jibu ulikuwa nalo."

Akakaa juu ya gunia la mchele akaanza kunieleza, na nitakuwa mwongo nikiwaambia maneno yake hayakuniingia. Alisema nchi yetu haifungishi ndoa za wanaume wawili, na sisi huenda tukazeeka kabla haijaanza. Lakini sheria hiyohiyo ikisoma karatasi zangu haioni wanaume wawili, inaona bwana na bibi. Padri atatufungisha huku anatabasamu. Nikiugua, yeye ndiye ataitwa hospitalini. Tutaishi nyumba moja, tutalala kitanda kimoja, na jirani atakayeuliza ataonyeshwa cheti cha ndoa. Akasema kila shoga tunayemjua angetoa jicho lake apate nafasi hii, na mimi ninayo mfukoni naichezea.

Nampenda Noriel, lazima mlijue hilo, la sivyo hadithi hii haina maana. Mara ngapi nimelala naota kuamka asubuhi ndani ya nyumba yenye viatu vyake mlangoni. Sasa analeta ndoto yangu kwenye sinia, na juu ya sinia kuna gauni.

Nikamwuliza sharti ni nini. Akalitoa polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Sindano niziache mpaka harusi ipite, ili sauti ipungue uzito. Nywele zifike mabegani. Shela nitavaa la bibi yake.

"Na harusi ikishapita?"

"Tutaona."

"Picha ya harusi itatundikwa sebuleni kwa mama yako, Noriel. Kila sikukuu nitakaa chini yake nile. Kwenye picha hiyo atakuwa nani?"

Akatazama sufuria. Kisha akainuka, akachungulia dirishani kama kuna mtu, akanisogelea sikioni. "Ni siku moja tu, Teban."

"Ulisema mlo mmoja tu."

Hapo nikaona nimechoka. Kumpenda nampenda, ila jina langu limegeuka kitu cha kuchungulia dirisha kabla ya kulitaja. Nikamwambia nakwenda nje kukataa mbele ya wazee wote, kwa adabu, na wageni warudi na nguruwe wao wakamle nyumbani kwao. Akanishika mkono. Nikautoa.

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze glasi, kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Kwetu lambanog hainywewi kila mtu na chake. Glasi ni moja, ndogo, inazunguka. Anayemimina anataja jina lake: mimi fulani nakupa. Anayepewa anajibu: nimepokea kwa fulani. Usipolitaja jina la aliyekupa, hujapokea, na wazee watakutazama mpaka ulitaje. Ukishataja unainywa yote mara moja, unaigeuza juu chini watu waone haibaki hata tone. Kubakiza ni kumtukana aliyekupa. Hiyo ndiyo sheria ya benchi la wanaume, nami nimeijua toka utotoni kwa kuchungulia.

Kuchungulia tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kunipa. Kwenye msiba wa baba yangu mzazi glasi ilizunguka kwa wajomba wote, ilipofika kwangu mjomba akanyoosha mkono akaniruka, akampa binamu aliyekuwa pembeni yangu. Niliiona ikipita mbele ya pua yangu. Hilo sijalisahau na sitalisahau.

Nilipotoka uani, maneno yangu nimeyapanga kinywani, Mzee Turing alikuwa ameshafungua dumu. Wanaume wamekaa kwenye benchi, wanawake wamesimama upande wa pili na sahani. Nikategemea atalitazama shati langu akunje uso. Badala yake akasogea, akapiga benchi kwa kiganja pale pembeni yake.

"Kaa hapa," akasema. Akamimina glasi ikajaa, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua changu. "Mimi Arturo nakupa."

Msomaji, yale maneno yangu niliyoyapanga yalinitoka yote. Mwanamume mzima, baba wa mpenzi wangu, ananipa glasi benchini, watu wanaona. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Nimepokea kwa Arturo."

Nikainywa. Ilichoma toka kooni mpaka tumboni, na sikukohoa, maana ningekufa kuliko kukohoa mbele ya wale. Nikaigeuza juu chini. Hata tone halikudondoka. Nikainua uso nikitegemea mtu anipige bega.

Sahani ikagonga sahani. Kisha Mzee Melchor akasimama akakunjua mikono kama padri.

"Wazee, mmeona wenyewe. Kaimaliza."

Makofi yakaripuka. Mama yangu akafunika uso kwa aproni yake. Shangazi yangu mmoja akawa anacheka na kulia kwa pamoja, anasema huyu mtoto alivyokuwa na kiu, kumbe alikuwa anajificha tu.

Yeye ndiye aliyenieleza, alipokuja kunikumbatia. Siku ya posa glasi ya kwanza ni ya anayeposwa. Binti akiwa anakubali lakini kwao wana masharti, analowesha midomo tu, kisha anampa mama yake amalizie. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Akiwa hataki, anaiweka chini. Anayeimaliza yote kwa mkupuo amekubali bila sharti lolote, na katika umri wake shangazi amemwona mmoja tu aliyefanya hivyo, naye alikuwa na mimba.

Mambo haya husimuliwa jikoni, wanawake wakifunga suman. Mimi jikoni nilipakimbia tangu nina meno ya utoto. Nilikuwa nimejifunza sheria ya wanaume kwa ukamilifu wote, na ya wanawake sikuwahi kuisikia. Kwa kutaka kwangu uanaume nimejioza mwenyewe kama msichana mwenye haraka. Nani mwingine hapa duniani angeweza kulifanya kosa hilo?

Mambo yakaenda mbio. Mshenga akatangaza harusi iwe kabla ya Kwaresima. Mzee Turing akasema mwezi Mei watatupeleka Obando, wanakokwenda kucheza ngoma mbele ya mtakatifu wale wanaotaka watoto. Wanawake wakacheka. Noriel alikuwa mlangoni, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Nikaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji, nikajimwagia usoni. Nilikuwa najiambia bado kuna njia moja. Ukweli. Nikimweleza Bi Consing kinagaubaga, atavunja posa mwenyewe kwa hasira, tena kosa litakuwa langu na mama yangu ataonewa huruma. Nilipogeuka nikamkuta kasimama nyuma yangu na taulo.

"Bi Consing, kuna jambo hulijui. Mimi ni mwanamume."

"Najua," akasema, akanipa taulo. "Jifute, utapata mafua."

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia polepole, na sindano nikazitaja. Akaitikia kwa kichwa kila neno kama anayesikiliza bei ya samaki. Kisha akakaa kwenye kigoda cha mama cha kufulia, akanieleza. Alikuwa halali usingizi kwa kufikiri mwanawe atazeeka peke yake, watu wanamtupia maneno. Siku moja akamkalisha akamwuliza, nani unayempenda, niambie mimi mama yako. Noriel akanitaja. Akamweleza mimi ni nani, na nilivyo, na sindano ninazochoma na mahali ninapochomea.

"Nikamwuliza swali moja tu," Bi Consing akasema. "Karatasi zake zinasemaje? Aliponijibu, usiku ule nililala."

"Kwa hiyo hili ni wazo lako."

"Langu. Noriel hana akili ya namna hiyo, unamjua." Akainuka, akaninyooshea kola ya shati. Mkono wake haukuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Ndani ya nyumba yangu, mlango ukifungwa, vaa unachotaka na uitwe unavyotaka. Nje utakuwa mke wa mwanangu. Wanawake wangapi wamepewa nafasi hiyo?"

"Mimi si mwanamke."

"Ndiyo maana nakwambia umepewa zaidi. Msikilize mama yako huko. Mara ya mwisho kucheka hivyo ilikuwa lini?"

Nikasikiliza. Mama alikuwa anacheka mbele ya nyumba, kicheko cha mdomo wazi, ambacho tangu baba afe sikukisikia. Bi Consing akanipiga shavuni kidogo, akaenda zake.

Nikabaki na taulo. Wakati wote huu nilidhani mimi na Noriel tunamdanganya mama yake, kumbe mama na mwana wamekaa mezani wakanigawa, huyu achukue kilichomo ndani, yule achukue cha nje, na mimi sikuitwa hata kushuhudia. Jina langu analolinong'ona kwangu kwa kuchungulia dirisha, kwa mama yake alilitaja wazi, alipokuwa ananiuza. Kikulacho ki nguoni mwako. Hasira ilinipanda. Na pamoja na hasira nilikuwa bado nampenda, jamani, na hilo lilinikasirisha zaidi ya yote.

Kukimbia nisingeweza. Kukataa nilishajifungia mwenyewe, mbele ya mji. Kusema ukweli, ukweli walikuwa nao tayari.

Ndipo nikasikia sauti ya Mzee Melchor ananiita kwa lile jina la kwenye karatasi. Akasema posa haijafungwa mpaka glasi irudi. Aliyeposwa amimine, ampe mposaji, na mposaji apokee mbele ya watu.

Nikasimama pale pipani nikiyasikiliza maneno yale mara mbili. Glasi irudi. Amimine. Ampe.

Nikaning'iniza taulo kwenye kamba nikaenda.

Walikuwa wamempanga Noriel katikati ya uwanja, shati lake limelowa mgongoni. Mama yangu alikuwa kasimama karibu naye na sahani ya suman, anatabasamu kwa woga kidogo, kama mtu anayeogopa ndoto isikatike. Bi Consing alikuwa kwenye kiti cha heshima na mwavuli wake mapajani. Mzee Turing akanipa dumu.

Nikamimina. Nilimimina kwa utaratibu, mpaka ukingoni, hata tone halikumwagika, maana mkono wa kinyozi hautetemeki hata moyo ukitetemeka. Nikaiinua kwa mikono miwili mbele ya kifua cha mtu ninayempenda. Sikuipandisha sauti yangu nyembamba kama nilivyofanya siku ya ule mlo. Niliiacha itoke ilivyo.

"Mimi Esteban nakupa."

Sahani ya mama ikaanguka.

Esteban ni jina la baba yake, babu yangu, na nililichagua kwa heshima ya mzee huyo, lakini mama sikuwahi kumwambia. Alikuwa amelisikia sasa likiwa langu kwa mara ya kwanza, kwa sauti nzito, uani kwake, mbele ya mshenga. Hakuinama kuokota suman. Alinitazama tu, na sikuweza kujua kama anakuja kunikumbatia au kunizaba kibao. Shangazi akauliza amesema nini huyu.

Mzee Melchor hakuelewa, au alielewa zaidi ya wote. Yeye ni mtu wa desturi. Akamgeukia Noriel akamwambia, kwa upole kabisa, mwanangu, umepewa, pokea.

Noriel aliishika glasi. Vidole vyake vikagusa vyangu. Macho yake yalikuwa yananisihi, nayajua macho hayo, ndiyo yaliyonivalisha blauzi. Safari hii sikuyajibu. Nilimwachia glasi nikarudisha mikono yangu pembeni. Kama ananitaka, jina langu lipo, ni la silabi tatu tu, na uwanja mzima unalingoja.

"Nimepokea," Noriel akasema, "nimepokea kwa..."

Kisha akamtazama mama yake.